Steringi Alipokufa: Mawazo ya Frateri Baada ya Sizoni ya Mwisho ya Supernatural



Nikiri mapema: mimi ni mpenzi wa Supernatural. Nilianza kuiangalia nikiwa kidato cha pili, wakati wa likizo, kwa kaka yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuuza muvi pale Benaco, wilayani Ngara. Wateja wake wengi walikuwa madereva wa malori yanayokwenda kuvuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi. Dereva anayelala njiani siku mbili tatu hataki singo inayokwisha kwa saa moja na nusu, anataka sizoni. Kaka aliwajazia kwenye fleshi, na mimi msaidizi wake nililipwa kwa kuangalia. Suala la hakimiliki nimeshaliungama, tuendelee.

Sizoni ya 15, ambayo ndiyo ya mwisho, ilimalizika kuonyeshwa Marekani tarehe 19 Novemba 2020. Mimi niliiona mwaka jana tu, nikiwa kwenye utume wa likizo katika parokia moja wilayani Biharamulo. Kijiji sitakitaja jina, na mbele utaona kwa nini. Vijana wa VIWAWA walinialika kwenye kibanda umiza cha sentani, ambako sizoni hiyo ilikuwa ikionyeshwa ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, vipindi viwili kila usiku. Paroko aliniruhusu, akasema tu nirudi kabla ya saa nne. Kwa hiyo nikakaa kwenye benchi la mbao, pazia jeusi mlangoni, jenereta likinguruma nje, nikamaliza hadithi niliyoianza nikiwa mtoto.

Usiku wa mwisho, tulipotoka nje, kijana mmoja alinishika mkono akaniuliza, tena bila utani: "Frateri, kumbe Mungu ndiye adui?"

Sikumjibu vizuri usiku ule. Siku chache baadaye niliulizwa swali la pili, gumu kuliko hilo, na hilo nalo sikulijibu. Makala hii ni jaribio la kuyajibu yote mawili.

Hadithi yenyewe kwa kifupi

Kwa wasioijua: Supernatural ilibuniwa na Eric Kripke, ikaanza kuonyeshwa Septemba 2005, ikaendelea kwa miaka 15 na vipindi 327. Inahusu ndugu wawili, Dean na Sam Winchester. Sam akiwa mtoto wa miezi sita, mama yao anauawa na pepo mwenye macho ya njano, nyumba inaungua, na baba yao anawalea barabarani kama wawindaji. Wakikua, wanazunguka Marekani yote na gari lao jeusi, Chevrolet Impala ya mwaka 1967, wakipambana na mizimu, vampaya na mapepo. Silaha zao ni chumvi, chuma, maji ya baraka na maneno ya Kilatini. Nilipojiunga na seminari na kuanza kusoma Kilatini, nakiri kwamba sauti ya kwanza iliyonijia kichwani ilikuwa ya Sam akimfukuza pepo, wala si ya Cicero.

Kuanzia sizoni ya nne anaingia malaika Castiel, na hadithi inapanda kutoka kwenye mizimu ya mashambani hadi mbinguni na motoni. Kripke alikuwa amepanga hadithi ya sizoni tano. Ilipendwa, ikaendelea kumi zaidi chini ya waandishi wengine. Kila adui alihitaji kuwa mkubwa kuliko aliyetangulia: baada ya pepo akaja Lusifa, baada ya Lusifa likaja Giza, na baada ya Giza waandishi wakabakiwa na mmoja tu ambaye hawakuwa wamempiga. Ndiyo maana sizoni ya 15 adui ni Mungu.

Namna ya kumwingiza ni ya werevu. Tangu sizoni ya nne tulikuwa tunamjua mtu mmoja mnyonge, mlevi kidogo, anayeitwa Chuck, mwandishi wa riwaya za bei rahisi. Riwaya zake zinasimulia maisha ya Dean na Sam neno kwa neno. Mwanzoni tunaambiwa ni nabii. Sizoni ya 11 inafunuliwa kwamba ndiye Mungu mwenyewe. Mwisho wa sizoni ya 14 tunagundua kwamba mateso yote ya wale ndugu, mama kuungua, baba kufa, wao kufa na kufufuka mara nyingi, aliyaandika yeye, kwa sababu yanamfurahisha. Anaangalia kama sisi tulivyokuwa tunaangalia pale kibandani.

Kwanza, sifa zake

Nisiwe kama mhubiri anayelaani muvi ambayo hajaiona. Kuna mambo katika sizoni hii yaliyonigusa, na nadhani mema hayo yanatoka mahali pa kweli.

La kwanza ni udugu. Chuck anataka mwisho ambao ndugu mmoja atamuua mwingine. Tukisoma Mwanzo sura ya 4 tunamjua Kaini na Abeli, na waandishi waliwajua pia. Katika sizoni zote 15, kila mara njia rahisi ilikuwa ndugu mmoja amwache mwenzake, na kila mara walikataa. Kwetu, ambako vijana wa tumbo moja wanashikiana mapanga kwa ajili ya mpaka wa migomba, somo hilo si dogo.

La pili ni kifo cha Dean. Msomaji uliyekulia vibandani unaijua kanuni: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, kuzikwa, ataamka tu. Sasa, katika kipindi cha mwisho kabisa, baada ya kumshinda "Mungu", Dean anakwenda kupambana na vampaya wa kawaida katika banda la shambani, anasukumwa kwenye nguzo, na nondo inamwingia mgongoni. Hakuna malaika anayekuja. Anamwomba mdogo wake abaki naye, wanaagana, anakufa. Kibandani watu walizomea, na mmoja alidai tapeli amekata kipande na arudishiwe shilingi 500 yake. Mimi nilinyamaza, kwa sababu baba yangu mdogo alikufa hivyo hivyo: mtu aliyevuka mambo makubwa, akaja kuondolewa na msumari wenye kutu. Vifo vingi vya kwetu havina muziki nyuma yake. Naheshimu sizoni hii kwa kulisema hilo. Inaheshimu pia maisha ya Sam baada ya hapo: anazeeka, analea mtoto, anafia kitandani. Si jambo la ajabu, na ni jema.

Je, Mungu ndiye adui?

Sasa turudi kwa kijana wetu. Jibu fupi ni kwamba Chuck si Mungu. Nikisema hivyo simaanishi tu kwamba Mungu wetu ni mwema na Chuck ni mbaya. Namaanisha kwamba Chuck si kitu cha aina hiyo kabisa.

Angalia anavyofanya kazi. Anakaa mahali fulani. Anajifunza mambo. Anachoka. Ana dada, Giza, anayeitwa Amara, na wanalingana nguvu. Mmoja akifa, ulimwengu unavunjika. Mwishoni kijana Jack anamnyang'anya uwezo wote na kumwacha mtu wa kawaida atakayezeeka na kusahaulika. Kitu kinachoweza kunyang'anywa uwezo wake ni kiumbe, hata kikiwa kikubwa namna gani. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba Mungu si mmoja kati ya vitu vilivyopo, aliye mkubwa kuliko vingine. Ndiye anayevipa vyote kuwepo. Hawezi kuwekwa upande mmoja wa ulingo na Dean upande mwingine, kwa sababu ulingo, Dean na ngumi yake vyote vipo kwa kuwa yeye anavitaka viwepo.

Waandishi wa Marekani hawakuwa wa kwanza kuingia shimo hili. Plato, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, aliwalalamikia washairi wa Ugiriki waliowaonyesha miungu wakipigana, wakidanganya na kuwaletea watu maafa. Hoja yake ni kwamba Mungu ni mwema, na aliye mwema hawezi kuwa chanzo cha ubaya. Mtoto akilelewa kwa hadithi za miungu wabaya, atajifunza ubaya akidhani anaiga mbingu. Plato alitaka hadithi hizo zipigwe marufuku. Mimi siendi mbali hivyo, maana ningekuwa wa kwanza kuvunja sheria. Lakini swali lake linabaki: hadithi hii inanifundisha kutarajia nini kutoka kwa Mungu?

Na yule dada, Giza? Hapa tunakutana na Mwafrika mwenzetu. Augustino wa Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria, alikaa karibu miaka tisa na Wamani, waliofundisha kwamba Nuru na Giza ni nguvu mbili za milele zinazopigana, na sisi ni uwanja wao wa vita. Hadithi hiyo ilimvutia kwa sababu ilimpa wa kulaumiwa: dhambi zake hazikuwa zake, zilikuwa za Giza. Alipotoka humo, na kubatizwa Milano mwaka 387, alikuwa ameelewa kwamba ubaya hauna mwili wake wenyewe. Ni upungufu wa wema panapopaswa kuwa na wema, kama upofu usivyo kitu kilichoongezwa machoni ila kuona kulikokosekana. Kanisa lilisema jambo la jirani na hilo katika Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215: shetani na mapepo mengine waliumbwa na Mungu wakiwa wema kwa asili, ubaya waliufanya wenyewe. Nayo Katekisimu, namba 395, inakumbusha kwamba uwezo wa Shetani una mpaka, kwa kuwa ni kiumbe tu.

Kwa hiyo Mkatoliki anayeangalia Supernatural anapaswa kujua kwamba ramani yake ya mbingu imechorwa vibaya tangu mwanzo. Hata malaika wake: Castiel amevaa mwili wa mtu, na malaika wanauana kwa visu. Thoma anasema malaika hana mwili, na kisichokuwa na mwili hakina pa kuchomwa kisu. Hayo ni makosa ya burudani na yanaweza kusamehewa. Kosa la Chuck ni zito zaidi, kwa sababu linagusa kidonda cha kweli. Mama aliyezika watoto wawili hahitaji sizoni kumfundisha kujiuliza kama kuna mtu huko juu anayeandika haya kwa makusudi.

Nyumbani Ngara, bibi zetu wanamwita Mungu Imana, na wameliweka jina hilo ndani ya majina ya watoto: Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye, Habonimana, Mungu ndiye aonaye. Walioita watoto wao hivyo hawakuwa watu ambao mambo yaliwaendea vizuri. Walikuwa wakulima waliojua njaa na ndui. Jina lile lilikuwa kauli ya mtu anayekataa kuamini kwamba mwenye kuona kila kitu anaona kwa kujifurahisha. Hilo ndilo nilipaswa kumwambia yule kijana nje ya kibanda. Badala yake nilimwambia, "Ni muvi tu."

Macho mekundu

"Ni muvi tu" ni jibu la mvivu, na siku chache baadaye niliona kwa nini.

Nieleze kwanza jambo kuhusu tafsiri. Kazi ya kutafsiri muvi kwa sauti ina heshima yake Tanzania. Wakubwa wetu wanamkumbuka Lufufu, na wengi wamefuata nyayo zake. Mtafsiri mzuri hafuati neno kwa neno. Anatia chumvi, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani, anahamisha hadithi ya Kansas ije ikae Biharamulo. Katika tafsiri tuliyoangalia, pepo wakawa majini na wachawi bila kutofautishwa, na kazi ya Dean na Sam ikaitwa kuwinda wachawi. Kibanda kizima kilielewa mara moja.

Ndani ya Supernatural pepo hutambulika kwa macho. Pepo wa kawaida macho yake huwa meusi. Wale wa njia panda, wanaofanya mikataba ya roho, macho yao huwa mekundu. Shaka ikibaki, mwindaji anammwagia mtu maji ya baraka. Akiungua, ni pepo, anashughulikiwa. Karibu mara zote kipimo hicho hufanya kazi, kwa sababu mwandishi ameshaamua kwamba ndani ya mtu yule kuna pepo.

Wote tunaoishi Kanda ya Ziwa tunajua macho mekundu yana maana gani kwetu. Vikongwe wameuawa kwa mapanga, katika mikoa inayotuzunguka na kwetu pia, kwa sababu ya macho ambayo yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Na imani za namna hiyo haziishii kwa vikongwe. Mwaka 2024, mkoani kwetu, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye hajafikisha hata miaka mitatu aliporwa nyumbani na kuuawa. Hakuna sizoni iliyofundisha watu kufanya hayo. Yalikuwapo kabla ya jenereta la kwanza kufika. Lakini nauliza kama hadithi tunazozipenda zinatusaidia kuyaacha.

Wiki ile ile, katika jumuiya mojawapo, mtoto wa miaka minne alifariki kwa homa. Alikuwa ameugua siku tatu. Zahanati ilikuwa mbali, na alipofikishwa alikuwa ameshapoteza fahamu. Wakasema ni malaria. Baada ya mazishi minong'ono ikaanza kumzunguka bibi mmoja jirani, mjane, mwenye macho unayoweza kuyakisia. Jioni moja vijana wanne walinijia nyumba ya mapadre. Watatu nilikaa nao benchi moja kibandani. Wakaniamkia kwa heshima, wakaniomba jambo: niwapatie maji ya baraka kwenye chupa, na chumvi iliyobarikiwa kama ipo, waende wakamnyunyizie bibi yule, "tuone tu, Frateri."

Hilo ndilo swali la pili. Nalo nililijibu hivi: "Ngojeni nimuulize Padre."

Sikusema hapana. Nimefanya uchunguzi wa dhamiri mara nyingi juu ya sentensi hiyo. Nilikuwa na Plato kichwani, nilikuwa na Augustino, nilikuwa nimefaulu mtihani wa metafizikia, na nilipotazamwa na vijana wanne wa rika langu niliogopa kuonekana nisiyejua mambo ya kiroho. Jibu langu liliwaacha waondoke wakiamini kwamba ombi lao ni la maana, linasubiri kibali tu.

Nilimweleza Paroko usiku ule ule. Hakunigombeza. Asubuhi alimchukua katekista wakaenda kwa yule bibi kwa miguu, wakipita katikati ya kijiji. Alikaa uani kwake hadi saa nane mchana, akala ugali na dagaa aliopika bibi, watu wakipita na kuona. Jumapili alihubiri juu ya maji ya baraka. Alisema yanatukumbusha ubatizo wetu, na kwamba bibi yule alibatizwa kabla ya yeyote kati yetu tuliokuwa mle kanisani kuzaliwa. Anayetaka kumpima kwa maji hayo anayapima maji yenyewe. Vijana waliinamisha vichwa. Hakuna aliyemgusa bibi. Lakini kabla ya mwezi kwisha binti yake alikuja kumchukua, akamhamishia kwake, wilaya nyingine. Nyumba ilifungwa. Nilisaidia kubeba godoro hadi kwenye pikipiki. Bibi alinishukuru, "Asante, Baba," ingawa mimi si padre, na nilishindwa kumwangalia machoni.

Anayetafutwa hayupo

Nimelitafakari tukio hilo pamoja na Chuck, na naona ni jambo moja. Baya limetokea, moyo unadai aliyeliandika. Ukimpeleka juu, unampata Chuck. Ukimpeleka kwa jirani, unampata mchawi. Katika hali zote mbili tunaruka vitu vilivyo katikati: mbu, chandarua kilichochanika, siku tatu za kusubiri, barabara, zahanati isiyo karibu. Mtakatifu Thoma anaviita visababishi vya pili, na anavipa heshima kubwa. Mungu, anasema, hafanyi kila kitu peke yake kana kwamba viumbe ni wanasesere. Amevipa viumbe uwezo wa kweli wa kusababisha, na amempa mwanadamu uhuru wa kweli. Maana yake ni kwamba sisi si wahusika wa riwaya ya Chuck. Chandarua nisichokitundika hakitundikwi na mwandishi.

Msomi Evans-Pritchard, ambaye baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, aliandika mwaka 1937 juu ya Wazande wa Sudani. Wanajua vizuri kwamba mchwa ndio huangusha ghala. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile ile ambayo fulani alikuwa amekaa chini yake. Swali hilo si la kijinga. Yule mama aliyefiwa anajua habari za mbu. Anachouliza ni kwa nini mtoto wake. Mimi sina jibu la kumpa, wala falsafa niliyosoma hadi sasa haina. Ila najua Bwana wetu alifanya nini alipokutana na swali hilo. Katika Luka sura ya 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara Siloamu, na anakataa kwamba walikuwa wenye kosa kuliko wengine. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi wanamtafuta mkosaji aliyesababisha mtu azaliwe kipofu, na Yesu anakataa tena, kisha anainama, anatengeneza tope na kumponya. Hawapi mtu wa kumwinda. Na mwisho anakwenda mwenyewe kufa kifo cha mtu aliyeshutumiwa na umati.

Tuangalieje?

Siandiki haya ili baba zetu walezi wafunge luninga ya bwalo. Nawaambia wenzangu mambo matatu niliyojifunza.

La kwanza, tujue Kanisa linafundisha nini kuhusu mapepo, tusije tukajazwa na sizoni. Shetani yupo, hatumkani. Lakini kumpunga pepo aliyempagaa mtu si kazi ya yeyote mwenye Kilatini na chumvi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inataka padre mwenye ibada, elimu, busara na unyofu wa maisha, tena kwa ruhusa ya wazi ya Askofu wa mahali. Katekisimu, namba 1673, inaagiza kwanza kuhakikisha kwamba si ugonjwa, kwa sababu kutibu ugonjwa ni kazi ya sayansi ya tiba. Na katika mafundisho hayo hakuna kipimo cha kumtambua mchawi. Visakramenti ni sala ya Kanisa kwa ajili ya mtu, kamwe si mtego dhidi yake.

La pili, tukitoka kibandani tuongee. Tafsiri ni kazi ya ubunifu, na sisi walelewa tunaweza kuwa watafsiri wa pili: dakika kumi nje ya pazia, swali moja, jibu la kweli. Swali zuri kwa sizoni hii ni hili: ingekuwaje kama Dean amekosea, na ndani ya mtu yule hakuna pepo? Hadithi yenyewe karibu haithubutu kuuliza, kwa sababu ikiuliza, uwindaji unakwisha.

La tatu ni langu mwenyewe. Tujifunze kusema hapana mapema, mbele ya vijana wenzetu, kabla ya kwenda kumuuliza Padre.

Likizo hii natarajia kurudi Biharamulo. Kaka yangu wa Benaco ameniambia kuna sizoni mpya ya kitu kingine, ndefu, yenye mizimu, na vijana wameshaanza kuingoja. Nitakwenda kuangalia nao, Paroko akiniruhusu. Na nimeshapata anwani ya kule bibi alikohamia. Ni safari ya pikipiki ya saa mbili kutoka lami. Nitakwenda kumsalimu, na safari hii nitamwangalia machoni.